Siku Nilipokifunika Kipimo cha Mvua

Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuandika sifuri.

Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na saba. Nasema kama, kwa sababu hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Reli ilikuwa imefika Dodoma miaka michache tu nyuma, na upande wetu wa Zuzu watu wazima walikuwa bado wakisimama kulitazama garimoshi likipita, huku wakijifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea.

Kipimo cha mvua kilikuwa kopo la shaba juu ya nguzo fupi, katikati ya uwanja wa misheni, mbali na miti na kuta. Mdomoni kilikuwa na faneli, na chini ya faneli palikuwa na chupa. Kila asubuhi niliitoa ile chupa na kumimina maji, kama yapo, katika bilauri nyembamba iliyochorwa mistari. Nilisoma mstari, nikaandika tarakimu katika daftari. Kama maji hayapo niliandika sifuri. Mwisho wa mwezi niliinakili orodha ile kwenye karatasi na kuipeleka boma la Dodoma kwa miguu. Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilitaka kujua mvua ya kila mahali, hata mahali ambapo haikunyesha.

Mchungaji wa Kizungu alinipa kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba sikukosa siku. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Baba alikufa kwenye kazi ya kujenga tuta la reli, na mama akamfuata mwaka uliofuata kwa njaa iliyogeuka homa. Wenzangu darasani waliendelea mpaka wakasoma Injili, mimi nikaishia kwenye hesabu za kutoa. Nilikuwa na wadogo wawili, msichana wa miaka tisa hivi na mvulana wa miaka mitano. Kabla hajafa mama alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Usiwagawe." Hakuniachia neno lingine.

Kazi ya kipimo ilinipa pishi mbili za mtama kila mwezi na kibanda nyuma ya kanisa. Hivyo ndivyo tulivyokula. Wengine walilima, sisi tulikula kwa kuandika kwamba hakuna mvua. Nilikuwa najua jinsi jambo hilo linavyosikika, na kwa hiyo sikulisema mbele za watu.

Kwa desturi yetu yatima ni wa ndugu za baba, na sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Baba mdogo alikuwa na tembe kubwa, wake watatu na ng'ombe. Angewalisha. Lakini msichana angekaa kwenye jiwe la kusagia mpaka aolewe mbali, na mvulana angefuata ndama mpaka asahau sura yangu. Baba mdogo aliniacha nao kwa muda, kama mtu anavyomwacha ndama anyonye kwanza. Kila alipopita misheni alisema, "Bado uko na watoto wangu?" Nami nilijibu, "Bado, baba mdogo." Tulicheka wote wawili, na sote tulijua si mzaha.

Mwaka ninaousimulia, mvua haikuja wakati wake. Kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Ikikosekana msimu huo, hakuna mwingine wa kuungojea. Watu walikuwa wamepanda uwele mavumbini mara mbili, na mara mbili ndege walikuwa wameufukua. Mchungaji hakuwapo, alikuwa amempeleka mkewe mgonjwa pwani. Misheni ilibaki mikononi mwa mwalimu wa Injili, mtu wa upande wa Mpwapwa, mrefu, mwenye sauti nzuri na hasira za haraka. Kila Jumapili alituongoza kuomba mvua. Kila Jumatatu niliandika sifuri. Nilijitahidi nisifikirie mambo hayo mawili pamoja, lakini daftari lilikuwa moja na macho yangu ndiyo yaleyale.

Asubuhi moja mjumbe wa mtemi akaja na vijana wawili. Alikuwa mzee mwenye kikebe cha ugoro na ulimi ambao hata wakwe zake waliuogopa.

"Mbukwa," akanisalimu.

"Mbukwa, mzee."

Alikizunguka kipimo mara mbili bila kukigusa, kama mtu aliyekuta nyoka amelala njiani.

"Hiki ndicho chenyewe? Kinakula nini?"

"Hakili, mzee. Kinapokea tu."

"Anayepokea bila kula ni nani? Hata mtemi akipokea, anakula." Vijana wakacheka. "Na wewe kila asubuhi unakifanya nini?"

"Naangalia kama kuna maji."

"Ukiyakosa?"

"Naandika kwamba hakuna."

"Unaandika wapi? Niletee nione."

Nikamletea daftari. Hakujua kusoma, lakini aliona kwamba alama ni ile ile kutoka juu mpaka chini. Akaweka kidole.

"Hii inasemaje?"

"Hakuna."

"Na hii?"

"Hakuna."

"Na ukurasa huu wote?"

"Hakuna, mzee."

Akalifunga daftari taratibu na kunirudishia kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Mwanangu," akasema, na sasa hakuwa na mzaha, "mtu akisimama mlangoni kwako kila asubuhi, hata uso hujanawa, akakwambia huna kitu, huna kitu, huna kitu, utampa nini?"

Mchungaji alikuwa amenieleza kwamba mvua huletwa na pepo zinazobeba unyevu kutoka baharini, na kwamba kipimo hakiiti wala hakifukuzi. Niliyaamini maneno hayo. Lakini swali la mzee halikuwa la pepo. Lilikuwa la adabu, na katika adabu nilikuwa sina la kujitetea.

Akanipa agizo. Baada ya siku tatu mtemi angepeleka ng'ombe mweusi kwenye makaburi ya watemi waliomtangulia. Siku hiyo hakuna atakayelima. Majembe, mapanga, mikuki, yote yangelazwa ndani, pasiwepo chuma kinachotazama juu.

"Na hiki chako kinatazama juu mchana na usiku, kimeachama mdomo," akasema. "Kifunikwe. Siku moja tu, toka alfajiri mpaka jua kuzama. Hatukuambii ukivunje. Sisi si washenzi."

Jioni ile ile baba mdogo akaja. Hakuketi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

"Basi sikia na hili. Usipokifunika na mvua isije, watu watasema nyumba ya kaka yangu ndiyo iliyoifunga. Sitangoja waje na moto. Nitawachukua watoto kabla."

"Na nikikifunika?"

"Ukikifunika umekifunika. Mimi nina ugomvi gani na kopo?"

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta akipanga viti vya Jumapili, na nadhani habari zilikuwa zimemfikia, maana aliendelea kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

"Ukikifunika," akasema, "usije darasa la ubatizo. Huwezi kuweka mguu huku na mguu huku. Mungu haombwi kwa kufunika makopo."

"Mwalimu, Jumapili tukiomba mvua, Jumatatu nikaandika sifuri, je, nakosa imani?"

"Andika. Mungu haogopi daftari."

"Na kopo likifunikwa siku moja, ataliogopa?"

"Mungu haogopi," akasema. "Ninayeogopa ni mimi. Leo kopo, kesho watakwambia funika msalaba. Utasema ni siku moja tu?"

Alikuwa na haki, na mjumbe alikuwa na haki ya namna yake, na baba mdogo hakuwa na haki lakini alikuwa na nguvu. Kisha kulikuwa na boma, ambalo halikuwa limeniuliza chochote, lakini daftari lilikuwa lake, na juu ya ukurasa wa kwanza mchungaji alikuwa ameandika kwamba pasiachwe siku hata moja. Niliomba siku zile tatu. Sitadanganya kwamba nilisikia jibu. Nilisikia tu wadogo zangu wakigombania blanketi.

Siku ya siku nilichukua kibuyu changu kilichopasuliwa nusu, kile tulichokuwa tukichotea unga, nikakifudikiza juu ya mdomo wa kipimo na kukifunga kwa kamba ya ukindu. Vijana wawili wa mtemi walikuwa wamekwisha kufika, wakakaa chini kando ya uwanja ili wahakikishe hakifunuliwi mpaka jioni. Mwalimu alitoka mlangoni mwa kanisa, akaona, akarudi ndani na kufunga mlango. Nilijiambia ni siku moja kati ya siku nyingi kavu, nitaandika sifuri kama jana, na itakuwa kweli, na hakuna atakayepoteza kitu.

Baada ya adhuhuri mawingu yakapanda kutoka mashariki.

Watu wa kwetu wameyaona mawingu mengi ya uongo, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyesema neno. Kisha upepo ukaja na harufu, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele kaya kwa kaya, sauti ikisogea kwetu kama moto wa nyasi. Tone la kwanza liliniangukia begani. Nikakimbilia kipimo. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi hivi vijana wale wakasimama mbele yangu.

"Dada, rudi," mmoja akasema. Hakusema kwa ukali. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na alikuwa akicheka. "Jua halijazama."

"Jua liko wapi? Unaliona?"

"Silioni. Basi sijui kama limezama."

Nilisimama pale mvua yote. Sijapata kuona nyingine kama ile. Ilikipiga kibuyu kama ngoma, ikateremka pembeni, ikachimba shimo kuzunguka nguzo. Wadogo zangu walikuwa wakiruka kwenye maji na kuniita, "Dada! Dada, njoo!" Mwalimu naye alitoka nje, akasimama amenyoosha mikono, analia, anamshukuru Mungu kwa maombi ya Jumapili. Kwa mtemi najua walikuwa wanashukuru kwa ng'ombe mweusi. Mchungaji angekuwapo angesema ni pepo za bahari. Kila mtu alijua mvua ile imetoka wapi. Mimi nilikuwa mtu mmoja tu katika nchi ile aliyewekwa ili aseme imekuwa kiasi gani, jambo dogo lisilogombaniwa na yeyote, na nilikuwa nimelifunika kwa mkono wangu.

Asubuhi niliifungua kamba. Uwanja wote ulikuwa tope mpaka kwenye kifundo cha mguu, vyura walikuwa wakilia, na ile chupa ilikuwa kavu.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Ningeweza kuandika sifuri, maana ndivyo chupa ilivyosema. Ningeweza kukisia. Mwishowe niliandika maneno mahali pa tarakimu: *Mvua kubwa. Kipimo kilifunikwa. Kiasi hakijulikani.*

Siku zile walikuja wanawake watatu na kuku na unga. Nikawaambia, "Mvua sikuifungua mimi." Mmoja akanikonyeza. "Tunajua, mama, tunajua. Mwenye dawa hasemi." Nikawarudishia kuku. Wakaondoka wakinistahi zaidi. Baba mdogo akaja pia, na mara hii aliketi.

"Watoto wakae kwako," akasema. "Nani atathubutu kuigusa nyumba hii sasa?"

"Baba mdogo, mimi sina dawa yoyote. Nilifunika kopo kwa sababu ulinitisha."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, kama anamwitikia mgonjwa.

Kwa hiyo nilikuwa na wadogo zangu kwa uongo ambao sikuusema na ambao hakuna aliyekubali niukanushe. Jumapili nilikaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, nikawa nasikiliza darasa la ubatizo kutoka hapo.

Mwisho wa mwezi nikaenda boma. Karani aliyepokea karatasi zangu alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, kanzu safi, kofia ya mshono, na hakuwahi kunikaribisha bila mzaha.

"Karibu, binti Sifuri! Leo umetuletea nini? Hewa tena?" Akakunjua karatasi. Mwezi ule ulikuwa na tarakimu nzuri, akawa anazisoma kwa kuimba. Kisha akafika penye maneno. Akainuka, akaurudisha mlango.

"Kilifunikwa na nani?"

Nikamweleza. Alivyonisikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Sikiliza, dada yangu. Bwana shauri, Mdachi mkubwa wa boma hili, akisoma neno hili atauliza nani. Ukimtaja mtemi, askari wataondoka hapa kabla ya adhuhuri. Tangu vita vya kusini hawa watu hawacheki na mambo ya dawa na maji. Mtemi akija hapa na mnyororo shingoni, kwenu mtalala?"

"Hatutalala."

"Basi andika milimita ishirini na tano. Mvua ile hata huku ilifika, mimi mwenyewe niliiona."

"Uliipima?"

"Niliipima kwa kanzu hii! Mpaka kiunoni."

Nilicheka, na nikicheka nilijua kwamba sitaandika. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na hesabu moja tu kichwani, ile niliyojifunza kabla sijaacha shule, ya kutoa. Nikitoa ukweli wa tarakimu katika kazi ile, kinabaki nini? Kinabaki kopo, na mzee wa ugoro angekuwa ameliona sawasawa kuliko mimi.

"Siwezi, kaka."

"Ni dini yako inayokukataza au kichwa chako?"

"Sijui vinapoachana."

Akashusha pumzi. "Haya. Mimi kazi yangu ni kufasiri, si kukuombea."

Bwana shauri alikuwa mtu mwenye uso wa kuchoka, ametundika kofia kwenye msumari nyuma yake. Aliisoma karatasi, akauliza, karani akafasiri.

"Nani alikifunika?"

"Mimi."

"Nani alikuagiza?"

"Mkono ulikuwa wangu, bwana."

Karani alinitupia jicho, akafasiri. Wakasemezana.

"Anauliza, kwa nini?"

"Niliogopa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Bwana shauri aligonga meza kwa kalamu. Ilikuwa wazi kwamba anajua pana mtu nyuma yangu, na ilikuwa wazi pia kwamba ana karatasi nyingine nyingi mezani. Akasema nimeharibu chombo cha serikali kwa ushirikina. Siku saba za kazi ya boma, kisha nirudi kusoma kipimo kama kawaida, kwa kuwa mchungaji hayupo na hapana mwingine wa kukisoma.

"Kaka," nikamwambia karani mlangoni, "wadogo zangu wako peke yao."

"Nitampa habari mtu wa reli anayekwenda Zuzu," akasema. Hakunitazama. "Ishirini na tano ingekugharimu nini?"

Siku saba nilichota maji. Tulikuwa wanawake wanne, tunapanda na mitungi kutoka kisimani mpaka kwenye tangi la boma. Kila mtungi ulipomiminwa sauti yake ilinikumbusha wadogo zangu wakiruka kwenye maji ya mvua ile. Nilijiuliza kama nimesema kweli au nimeficha. Sikusema uongo, na sikusema yote. Niliomba nisamehewe, kisha nikajiona nimeomba bila kujua nasamehewa lipi, la kufunika au la kunyamaza. Nilichokuwa nakijua ni kwamba msichana amezoea kulala upande wangu wa kushoto na mvulana akiamka husema jina langu kabla hajafumbua macho, na kwamba baba mdogo ana miguu ya haraka.

Niliporudi kibanda kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake.

"Baba yako mdogo alikuja siku ya pili," akasema. "Alisema mtu wa mnyororo halei watoto. Sikumzuia. Sina haki juu yao."

"Najua, mwalimu."

"Walikuuliza boma?"

"Waliniuliza."

"Ulisema kweli?"

"Nusu."

"Nusu ipi uliyoacha?"

"Ile iliyomwacha mtemi nyumbani kwake."

Kisha akaingia ndani akatoka na daftari. Siku zangu saba zilikuwa zimejazwa zote, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. "Sikujua kama maji katika bilauri husomwa juu, yanapoparamia kioo, au chini, yanapobonyea katikati," akasema. "Nimesoma chini. Kama nimekosea, nimekosea sawasawa siku zote." Nikamwambia amesoma vema. Hatukutaja darasa la ubatizo.

Sikula. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Uani nilimwona mdogo wangu wa kike amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga na wake za baba mdogo, nywele zake nyeupe kwa unga. Aliinua uso, akauinamisha tena, maana mke mkubwa alikuwa akimtazama. Wa kiume alikuwa zizini na ndama. Na kivulini, kwenye kigoda, alikuwa ameketi mjumbe wa mtemi na kikebe chake cha ugoro.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda," akasema mjumbe. "Maji ya serikali ni mazito?"

"Sawa na ya kwetu, mzee."

"Mtemi amesikia kwamba uliulizwa, na hukumtaja. Amenituma. Anasema watoto wakae anapokaa dada yao."

Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga. "Mtemi akisema, amesema," akasema hatimaye, na akamwashiria mkewe. Msichana hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda kumtoa mdogo wake zizini, akarudi na kijifurushi chao, wakasimama kando yangu.

Mjumbe akanusa ugoro. "Mwakani mvua ikichelewa, utakifunika tena?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mwaka ni mrefu, na mvua huweza kuja wakati wake. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kunishika nguo.

"Hapana, mzee. Mwambie mtemi namshukuru kwa watoto, namshukuru sana. Lakini kipimo sitakifunika tena."

Baba mdogo akajipiga paja. "Huyu mtoto ana wazimu! Amekwisha kupewa, anarudisha!"

"Na watoto wakibaki hapa kwa sababu ya neno hilo?" akauliza mjumbe.

"Nitahamia hapa. Nitasaga na wake za baba mdogo, na kila asubuhi nitakwenda misheni kusoma kipimo na kurudi."

"Nani amekualika?" akafoka baba mdogo.

Mjumbe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka akajifuta macho. Kisha akawa anakitazama kikebe chake kwa muda, anakigeuza geuza mkononi. Sikujua anapima nini. Nilihisi vidole vya mvulana vikikaza.

"Swali lile mtemi hakunituma niulize," akasema. "Ni langu. Na kwa kuwa ni langu, nitasema sikuuliza. Nenda nao, kabla sijajikumbuka."

Baba mdogo alitufuata mpaka mlangoni. "Mzee huyu hataishi milele," akaniambia kwa sauti ya chini, bila chuki, kama anayenitajia jambo la kawaida. Nikaitikia, maana ilikuwa kweli.

Tulipofika njiani mdogo wangu wa kike akanivuta nguo.

"Dada, mwakani akikuuliza tena?"

"Nitamjibu tena."

"Vilevile?"

"Vilevile."

Alisimama, akainama, akampandisha mdogo wetu mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, akamfunga kwa nguo yake mafundo mawili. Nilimwambia amshushe, atachoka. Hakumshusha mpaka tulipofika.